Takriri ya Pumzi: Panya, Usingizi na Lugha Yetu

Katika lugha ya Kiswahili, kupumua na kupumzika ni ndugu wa shina moja. Pumua, pumzi, pumzika, pumziko, mapumziko: maneno haya yote yana chimbuko moja, nasi huyatumia kila siku bila kuusaili uhusiano huo. Waliotuachia lugha hii walikwisha kuona kwamba kupumzika ni kupata pumzi. Nathubutu kuandika makala haya kwa sababu katika miaka miwili iliyopita nimejifunza, kupitia mlango ambao mwanafunzi wa fasihi hautarajii, kwamba maabara nayo yanaiunga mkono lugha yetu. Wapo watu wengi miongoni mwetu ambao hulala kila usiku lakini hawapumziki, kwa kuwa wakiwa usingizini pumzi yao hukatika na kurudi, ikakatika tena ikarudi, hadi kunakucha.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili ana haja gani na panya wa maabara? Swali hili ni la haki. Mimi hushinda maktabani nikichambua tenzi na riwaya. Hata hivyo, chumba ninachoishi nakishiriki na mwenzangu asomaye fiziolojia, na meza yetu ni moja. Upande wake umejaa taarifa za majaribio ya wanyama wanaonyimwa oksijeni kwa vipindi. Upande wangu umejaa diwani. Jioni moja aliniomba nimsaidie kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa kuwaeleza wagonjwa na jamaa zao jinsi ukosefu wa oksijeni unaorudiarudia unavyouathiri mwili. Ukurasa huo mmoja ulituchukua majuma matatu. Kabla hatujaukamilisha, ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani kwetu na kuketi kati yangu na baba yangu mzazi.

Kwanza, maradhi yenyewe. Kuna hali ambapo njia ya hewa ya kooni hujifunga mtu anapolala, kwa sababu misuli ya koo na ulimi hulegea. Kifua huendelea kujitahidi, lakini hewa haipiti. Kiasi cha oksijeni katika damu huteremka; ubongo hushtuka; mtu huzinduka kwa muda mfupi sana, aghalabu bila kujua; koo hufunguka kwa kishindo cha mkoromo, na hewa huingia. Kisha usingizi humchukua tena, na koo hujifunga tena. Madaktari huhesabu kila mara ambapo pumzi imekatika, au imepungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Akifikisha mara 30 kwa saa, hali yake huitwa kali. Kwa usiku wa saa saba, hesabu hiyo ni mara 210.

Sisi wanafasihi tuna sehemu yetu katika historia ya maradhi haya. Charles Dickens, katika riwaya yake ya *The Pickwick Papers* iliyochapishwa kwa sehemu kati ya mwaka wa 1836 na 1837, alimchora kijana mnene aitwaye Joe ambaye husinzia popote, hata akiwa kazini. Mnamo mwaka wa 1956, zaidi ya karne moja baadaye, madaktari wa Marekani waliokuwa wakimtibu mgonjwa mnene mwenye usingizi wa mchana waliona kwamba wamekwisha kukutana naye vitabuni, wakayapa maradhi yake jina la riwaya hiyo. Ilipofika mwaka wa 1965, watafiti wa Ufaransa na Ujerumani, kila kundi kivyake, walirekodi jinsi pumzi ya wagonjwa wa aina hii inavyokatika usiku. Mwandishi alikuwa ameyaona maradhi kabla ya mwanasayansi kuyapima. Sisemi hivi kwa kujigamba. Nasema tu kwamba mpaka kati ya kitivo chetu na kitivo chao si ukuta wa mawe.

Kuyaona maradhi ni jambo moja, kujua yanavyodhuru ni jambo jingine. Mtu anayekoroma aghalabu ana umri mkubwa, ana uzito, huenda anavuta sigara na ana shinikizo la damu. Je, kipi kimesababisha kipi? Haiwezekani kumchukua binadamu mzima na kumnyima hewa kwa majuma ili tujue. Hapo ndipo mnyama alipoingia. Mnamo mwaka wa 1992, Eugene Fletcher na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo limeigwa mara nyingi tangu wakati huo. Panya waliwekwa ndani ya vyumba vidogo. Gesi ya naitrojeni iliingizwa ili oksijeni ishuke chini sana, kisha hewa ya kawaida, yenye oksijeni ya takriban asilimia 21, ikarudishwa. Mzunguko huo ulirudiwa kila nusu dakika, kwa takriban saa saba kila siku, kwa siku 35. Vipindi vya namna hii hufanywa mchana, kwa kuwa panya hulala mchana. Mchana wetu ndio usiku wao. Mwishoni, shinikizo la damu la panya hao lilikuwa limepanda, na lilibaki juu hata walipokuwa nje ya vyumba hivyo wakivuta hewa kama panya wengine. Panya ambao neva za vijiungo vidogo vya shingoni, vile vinavyopima oksijeni ya damu, zilikuwa zimekatwa, hawakupata ongezeko hilo.

Mwaka wa 1997, watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha jaribio la mbwa ambao njia yao ya hewa ilizibwa kwa kifaa kila walipolala, na kufunguliwa kila walipozinduka. Shinikizo lao lilipanda usiku na mchana. Mbwa hao walipokatizwa usingizi kwa kelele tu, bila kuzibwa pumzi, shinikizo la mchana halikupanda. Tofauti hiyo ilinikaa moyoni. Kunyimwa usingizi ni adha, lakini kunyimwa pumzi ndani ya usingizi ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwa kuwa ndiko kiini cha maelezo yetu kilikokuwa. Seli ikikosa oksijeni kwa muda mrefu bila kukatizwa, ina njia ya kujitunza. Ndani yake mna protini iitwayo HIF-1. Oksijeni ikiwapo ya kutosha, protini hiyo hutiwa alama na kuvunjwavunjwa. Oksijeni ikipungua, husalia hai, nayo huamrisha mwili uzoee: chembe nyekundu za damu ziongezwe, mishipa mipya iote. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019 kwa kugundua utaratibu wa seli wa kuitambua oksijeni na kujirekebisha kwayo. Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mwili kuzoea hewa nyepesi. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na wanariadha wa mataifa mengi huja kuishi na kufanya mazoezi huko kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini upungufu unaokuja na kuondoka kila dakika ni kisa kingine. Mwaka wa 2005, Silke Ryan, Cormac Taylor na Walter McNicholas wa Dublin walionyesha kwamba seli zilizonyimwa oksijeni kwa vipindi ziliiamsha zaidi protini nyingine, NF-κB, huku HIF-1 ikikaribia kubaki kimya. NF-κB, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore, ni mjumbe. Seli ikiwa tulivu, mjumbe huyo hufungwa na protini mlinzi nje ya kiini. Ishara ya hatari ikifika, mlinzi huvunjwa, mjumbe huingia kiininî na kuwasha jeni zinazotengeneza saitokini, yaani protini za kupelekeana habari, kama vile TNF-alfa na interlukini-6. Saitokini hizo hutoka na kuziarifu seli jirani, na nyingine, kama TNF-alfa, zinaweza kumwamsha upya mjumbe yule yule. Majaribio ya panya yaliyofuata yalionyesha NF-κB ikiwa imeamka katika tishu za moyo na mishipa ya wanyama walioishi katika vipindi hivyo. Ni lazima niongeze kwamba majaribio mengine yamemwona HIF-1 naye akiamka. Mizani hutegemea aina ya seli, kina cha upungufu na muda wake.

Kwa nini vipindi viwe na madhara ambayo upungufu wa kudumu hauna? Sehemu ya jibu ni kwamba madhara hayako katika kuondoka kwa oksijeni pekee, bali pia katika kurudi kwake. Inaporejea ghafla, huzalisha radikali, chembe kali zinazojeruhi utando wa seli na kuchochea ishara za hatari. Mwili haupati fursa ya kuzoea, kwa sababu kabla haujazoea ukosefu, neema imerudi. Na kabla haujazoea neema, ukosefu umerudi. Mwenzangu aliponieleza hayo, nilimwambia kwamba sisi tuna jina la jambo hilo: takriri. Katika ushairi, neno likirudiwa si neno lile lile tena. Kila linaporejea huja na uzito wa yaliyolitangulia. Seli nayo husoma hivyo. Mshtuko wa kwanza hupita. Mshtuko wa mia mbili unamkuta mjumbe hajalala.

Tukafika kwenye neno lenyewe lililotukwamisha. Waingereza walirithi kutoka Kilatini neno ambalo asili yake ni kuwasha moto. Kiswahili cha hospitalini aghalabu husema *uvimbe*. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliorodhesha dalili nne za hali hii: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Tukisema *uvimbe*, tumechukua moja kati ya nne, ile ionekanayo kwa jicho. Lakini katika ukuta wa mshipa wa mtu anayekoroma hakuna kinachoonekana kwa jicho, wala hauumi. Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe, atajipapasa, asiuone, aende zake. Nilipendekeza *mwako*. Mwenzangu alihofia kwamba mtu atadhani ni kiungulia au homa. Tulibishana kwa siku tatu. Hatimaye tuliandika: *mwako wa ndani, kama moto wa makaa chini ya majivu, usioonekana wala kuhisiwa, lakini unaounguza mishipa polepole.* Ni maneno mengi mahali pa neno moja. Hata hivyo, naamini istilahi isiyoeleweka na mgonjwa ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini.

Msomaji wa kwanza wa ukurasa wetu alikuwa baba yangu. Baba ni dereva wa lori. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameendesha kati ya Mombasa na Malaba, mara nyingi usiku. Nyumbani kwetu mkoromo wake ulikuwa mzaha wa ukoo mzima. Wajomba waliuiga kwenye arusi. Mama pekee ndiye hakucheka. Aliwahi kuniambia, "Babako usiku hunyamaza kama mtu aliyeitwa, kisha hurudi kwa kishindo. Mimi hulala nikihesabu." Utingo wake naye alikuwa amekwisha kunidokezea kwamba mzee husinzia kwenye usukani baada ya Mtito Andei, na kwamba yeye humwimbia ili asilale. Nilipomgusia suala la kupimwa, Baba alinijibu kwa upole unaofunga mlango: "Mwanangu, kukoroma si ugonjwa. Ni usingizi wa mtu aliyefanya kazi."

Likizo iliyofuata nilimpa ukurasa ule ausome. Aliusoma mara mbili, akavua miwani. Hakuuliza juu ya moyo wala mishipa. Aliuliza, "Hao panya, siku zile thelathini na tano zilipokwisha, waliachiliwa?"

Ningeweza kulikwepa swali hilo. Nilimwambia ukweli: katika majaribio mengi ya aina hii mnyama huuawa, kwa sababu mshipa wake hauwezi kuchunguzwa akiwa hai. Nikamweleza pia kuhusu panya wa mwaka wa 2001 nchini Marekani ambao, baada ya siku za upungufu wa vipindi, walipata shida kujifunza mahali palipofichwa jukwaa ndani ya maji, ambapo wenzao walipakumbuka. Na kwamba katika bongo zao seli za sehemu ya kumbukumbu zilikuwa zikifa. Na wale wa mwaka wa 2007, ambao kwa majuma 12 walikula chakula chenye kolesteroli nyingi huku wakinyimwa oksijeni kwa vipindi, mishipa yao ikaota mafuta, ilhali waliopata moja tu kati ya mambo hayo mawili mishipa yao ilibaki safi. Baba alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi wao wamekwisha kulipa. Mimi nikikataa kwenda, watakuwa wamelipia nini?"

Nimeyatafakari sana maneno hayo, kwa kuwa yana hekima kuliko mabishano mengi niliyoyasikia kuhusu wanyama wa maabara. Mwaka wa 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch walichapisha kitabu kilichoweka kanuni tatu: mnyama asitumiwe panapokuwa na njia nyingine, idadi ipunguzwe kadiri iwezekanavyo, na mateso yapunguzwe. Kenya nayo ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, na majaribio yamo ndani yake. Kanuni hizo humfunga mtafiti. Neno la baba yangu linatufunga sisi wengine: maarifa yaliyonunuliwa kwa uhai yakibaki katika lugha ambayo mwenye kuyahitaji haielewi, deni halijalipwa.

Baba alipimwa. Alilala usiku mmoja akiwa na mkanda kifuani na kifaa kidoleni, na hesabu ikaja: mara 38 kwa saa. Jamaa tulichanga, akanunuliwa mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, aina ambayo Colin Sullivan na wenzake waliieleza huko Australia mwaka wa 1981. Ameacha safari za usiku. Mama anasema sasa nyumba ina sauti ya upepo, naye amepoteza hesabu.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila kilichoonekana kwa panya kinatimia kwa binadamu. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka wa 2016, uliwafuatilia watu wazima 2,717 waliokuwa na maradhi haya pamoja na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo. Mashine ile iliwapunguzia usingizi wa mchana na kuboresha hali yao ya maisha, lakini haikuonekana kupunguza mishtuko ya moyo wala kiharusi. Kwa wastani waliitumia kwa saa 3.3 tu kila usiku, na wapo wanaosema muda huo hautoshi kuamulia jambo. Panya hana hiari ya kuvua barakoa usiku wa manane, binadamu anayo. Isitoshe, dozi ndogo ya dhiki huweza kuwa kinga. Mwaka wa 1986, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mbwa ambao mshipa wa moyo wao ulizibwa mara nne kwa dakika tano tano kabla ya kuzibwa kwa muda mrefu, eneo la moyo lililokufa lilikuwa robo tu ya lile la mbwa wasiotayarishwa hivyo. Takriri yaweza kufundisha, na yaweza kuangamiza. Kina, kasi na idadi ndivyo viamuavyo.

Wanachama wenzangu, tumezoea kulalamika katika makongamano kwamba Kiswahili kinadharauliwa katika sayansi. Malalamiko hayo yana msingi, lakini yamekuwa kibwagizo kisicho na ubeti. Katika kila bweni la chuo hiki yupo mwanafunzi wa udaktari, wa kilimo au wa uhandisi aliye na ukurasa mmoja ambao mzazi wa mtu fulani anauhitaji. Tusisubiri baraza la kuunda istilahi. Tuketi naye mezani, tumuulize maswali ya kijinga hadi aelewe anachokisema, kisha tukiandike kwa Kiswahili ambacho dereva wa lori atakisoma mara mbili na kuvua miwani. Ukurasa wetu sasa umebandikwa katika zahanati mbili. Mwenzangu ameniletea wa pili, unaohusu figo, nami sijapata bado neno la kuchuja litakalonitosheleza. Mwenye nalo na alilete.